Kiungo Kifupi na Dalali Wake

Msikilize mtangazaji wa redio anayelazimika kusoma anwani ndefu ya tovuti hewani. Anaanza kwa madaha, "dabliu dabliu dabliu, nukta," kisha anakutana na mkwaju, mkwaju mwingine, alama ya kuuliza, kistari cha chini, herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu saba mfululizo. Kufikia hapo msikilizaji aliyekuwa ameshika kalamu ameshaiweka chini, na mtangazaji mwenyewe anatafuta upenyo wa kurudi kwenye muziki. Fomu moja tu ya Google, ile ambayo kamati za harusi na walimu wakuu huitumia kukusanya majina, ina anwani inayokaribia herufi 100, na zaidi ya nusu yake ni mchanganyiko usiotamkika. Ikifupishwa inashuka chini ya 30. Bado si tamu mdomoni, lakini inaandikika.

Nimeanza na faida makusudi, maana maonyo mengi kuhusu viungo vifupi huanza na wezi. Wezi wapo na tutawafikia, ila si wao waliokibuni kitu hiki. TinyURL, huduma ya kwanza ya aina hii kupata umaarufu mkubwa, ilianzishwa Januari 2002 na Kevin Gilbertson wa Minnesota, Marekani, aliyekuwa akiendesha tovuti ya wapenzi wa baiskeli za gurudumu moja. Kero yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu walitumiana anwani ndefu kwa barua pepe, programu za wakati ule zikaikata anwani kila ilipofika mwisho wa mstari, nusu ya pili ikadondokea mstari wa chini, na mpokeaji alipobofya akajikuta pasipo na kitu.

Neno "kufupisha" lenyewe linapotosha kidogo. Anwani ndefu haipunguzwi hata herufi moja. Inaandikwa kwenye daftari la kampuni fulani, nawe unapewa kikaratasi chenye namba, kama abiria anayeacha sanduku kwenye ofisi ya mabasi ili azunguke mjini mikono mitupu. Anayebofya kiungo kifupi haendi moja kwa moja kwenye tovuti anayoitaka. Anapita kwanza kwenye ile ofisi, anaonyesha kikaratasi, karani anapekua daftari na kumwelekeza: unachokitafuta kiko kule. Jibu la karani huja na namba. Ikiwa 301, maana yake kitu kimehamia huko moja kwa moja, na kivinjari kinaweza kukumbuka njia. Ikiwa 302, maana yake kwa sasa kiko huko, na kesho itabidi uje kuuliza tena. Kwa mwenye ofisi anayependa kujua nani kapita mlangoni na saa ngapi, kuuliza tena si hasara hata kidogo.

Kikaratasi chenyewe huundwa kwa herufi 26 kubwa, 26 ndogo na tarakimu 10, jumla alama 62. Ukizipanga katika nafasi sita unapata michanganyiko zaidi ya bilioni 56. Kwa sikio la binadamu hiyo ni idadi isiyo na mwisho. Kwa kompyuta sivyo, na kuna mkasa uliozaliwa hapo ambao nitausimulia baadaye.

Kilichozitoa huduma hizi kwenye vikundi vya wapenzi wa kompyuta na kuzitupa mikononi mwa dunia nzima ni Twitter. Ilipoanza mwaka 2006 ujumbe wake ulikuwa na kikomo cha herufi 140, kwa sababu ulipangwa upite kwenye SMS yenye nafasi 160, na 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la mwandishi. Waliokuwa vijana wakati huo hapa kwetu hawahitaji kufafanuliwa maumivu hayo. Ndiyo miaka ambayo "sijui" iligeuka "cjui" na "tutaonana" ikawa "2taonana", ili ujumbe usiingie ukurasa wa pili salio likakatwa mara mbili. Mahali pa namna hiyo anwani ya herufi 100 haikuwa na nafasi. Mwaka 2009 Twitter iliachana na TinyURL kama kifupishi chake cha kawaida ikaichukua bit.ly, huduma iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kuanzia 2010 ikaanza kuleta ya kwake yenyewe, t.co.

Hiyo t.co inastahili kutazamwa kwa makini. Kila kiungo kinachoandikwa pale hupitishwa humo na kuhesabiwa kuwa na herufi 23, hata kama chenyewe kilikuwa na 15. Kwa maneno mengine, kuna viungo ambavyo kifupishi hiki kinavirefusha! Mtu anayedhani biashara hii ni ya kuokoa nafasi atashindwa kuielewa t.co. Kampuni ilikuwa inataka kitu kingine: kila anayetoka kwenye mtandao wake kwenda kwingine apite kwenye lango lake, ahesabiwe, na pakibainika mbele kuna tovuti ya kitapeli, lango lifungwe. Ufupi ulikuwa sababu ya mwaka 2006. Tangu hapo simu zimekuwa za kugusa, watu wanabofya badala ya kunakili, na kikomo cha Twitter kilipandishwa hadi 280 mwaka 2017. Viungo vifupi havikupungua. Vimebaki kwa sababu ya lango.

Lango lina faida zake, na si kwa mwenye lango peke yake. Chukua shirika la afya lenye bango moja Mwanza na jingine Mtwara, yote mawili yanapeleka watu kwenye ukurasa uleule. Kila bango likipewa kiungo chake kifupi, shirika litajua baada ya wiki mbili ni lipi linasomwa na ni lipi limepotea nyuma ya kibanda cha chipsi. Huduma hurekodi muda wa kubofya, aina ya simu, nchi inayokadiriwa kutokana na anwani ya mtandao ya mbofyaji, na mara nyingi mahali alikotokea. Kwa mtu anayetumia fedha za wafadhili na kudaiwa ripoti, hizo ni takwimu ambazo zamani zilihitaji vijana wa kusimama barabarani na madaftari. Faida nyingine ni kubadilika. Ukishachapa kalenda 5,000 zenye kiungo kifupi kisha tovuti yako ikahama, baadhi ya huduma hukuruhusu kurekebisha mstari mmoja kwenye daftari, na kalenda zote ukutani zikawa sahihi tena. Vivyo hivyo kwa misimbo ya QR, ile miraba yenye vitone iliyobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994. Anwani ikiwa fupi vitone vinakuwa vichache na vikubwa, na hata kamera ya simu ya bei rahisi yenye mkwaruzo inausoma msimbo bila kusumbuka.

Na kuna SMS, ambayo huku kwetu haijafa. Ujumbe wa taasisi kwenda kwa wateja laki moja unalipiwa kwa ukurasa. Ukivuka herufi 160 kila ukurasa unabaki na 153, na ukiingiza kikatuni kimoja cha uso unaocheka nafasi inaporomoka hadi 70. Mhasibu akipiga hesabu hizo, kiungo cha herufi 100 hakipiti mlangoni kwake. Ninamwelewa. Ila nitamrudia baada ya muda si mrefu, kwa sababu akiba yake hiyo ina mtu mwingine anayeilipia.

Kinachotokea ni kwamba kati ya mwandishi na msomaji ameingia mtu wa tatu. Namwita dalali kwa sababu ndivyo alivyo. Si mwenye nyumba, si mpangaji, lakini pasipo yeye hamkutani, na kila anayepita kwake anaacha kitu. Tofauti yake na dalali wa Kariakoo ni kwamba huyu haonekani. Mwandishi ndiye aliyemchagua na kukubali masharti yake, ilhali msomaji anayelipa kwa taarifa zake hakuulizwa. Joshua Schachter, mwanzilishi wa Delicious, tovuti ya kuhifadhi viungo, aliandika mwaka 2009 hoja ambayo haijachakaa: kifupishi kinawapa nafuu watu wachache, lakini mzigo wa tabaka jipya katikati ya mtandao anabebeshwa msomaji. Wakati huo wengi walimwona mnung'unikaji. Baada ya miaka michache orodha ya mikasa ilikuwa imeanza kumwandikia ushahidi.

Mkasa uliokwenda mbali zaidi ulitokea tarehe 19 Machi 2016. John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton, alipokea barua pepe iliyofanana na onyo la usalama kutoka Google, ikimtaka abadilishe neno la siri haraka. Kitufe cha kubadilishia kilikuwa kiungo cha bit.ly. Nyuma yake kulikuwa na ukurasa wa kughushi wenye anwani ndefu iliyochanganya maneno ya Google na jina la tovuti linaloishia .tk. Anwani hiyo ingeandikwa wazi, pengine mtu mmoja katika ofisi ile angeinua nyusi. Ilipofichwa nyuma ya herufi chache, hakukuwa na cha kuinulia nyusi. Msaidizi wa teknolojia aliyeulizwa alijibu kwamba barua hiyo ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Kiungo kikabofywa, na kuanzia tarehe 7 Oktoba mwaka huo WikiLeaks ikaanza kumwaga maelfu ya barua za Podesta hadharani.

Sehemu ya pili ya kisa hiki haisimuliwi sana, nayo kwangu ndiyo yenye funzo kuhusu dalali. Wadukuzi hao walisahau kuzifunga akaunti zao za bit.ly zisionekane na umma. Wachunguzi wa kampuni ya SecureWorks wakazipitia na kukuta maelfu ya viungo vya namna ileile, kila kimoja kikiwa kimefungiwa ndani yake anwani ya barua pepe ya mlengwa. Daftari lililowaficha ndilo lililowaanika. Hati ya mashtaka ya Julai 2018 dhidi ya maafisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi inaitaja hata akaunti waliyoitumia kwenye huduma ya kufupisha anwani. Dalali hana upande. Anaandika kila kitu, na anayefanikiwa kulifikia daftari, awe mwizi au askari, anasoma.

Turudi nyumbani. Tanzania imezoea kwa miaka mingi ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kiasi kwamba umekuwa utani wa vijiweni. Watu waliufahamu kwa sababu ulikuwa na sura: namba ngeni, lugha ya haraka, hela isiyojulikana ni ipi. Wa kizazi kipya hauna sura hiyo. Unakuja kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, umefowadiwa na shangazi ambaye hajawahi kumdhulumu mtu, unasema kampuni fulani kubwa inaadhimisha miaka kadhaa ya kuanzishwa na inagawa bando la bure, na chini yake pana kiungo kifupi. Ukikibofya unajibu maswali matatu mepesi, unaambiwa umeshinda, kisha unatakiwa uwatumie watu 20 kabla ya kupokea zawadi. Kila anayetuma anakuwa shangazi wa mwingine.

Ule mchoro mdogo wenye picha na kichwa cha habari unaotokea kwenye WhatsApp haumsaidii shangazi sana, kwa kuwa maneno na picha hiyo hutolewa na tovuti yenyewe inayopelekewa watu. Tapeli anajiandikia cheti chake. Kubonyeza kiungo kwa muda mrefu bila kukiachia, ushauri unaopendwa na mafundi, kunaonyesha anwani ileile fupi. Zipo njia zinazofanya kazi: kiungo cha bit.ly ukikiongezea alama ya kujumlisha mwishoni kinakuonyesha kinakokwenda kabla hujaenda, na TinyURL nao wana ukurasa wa kuchungulia. Lakini hata kuchungulia kuna mpaka wake, maana tapeli mwenye tovuti yake anaweza kumwonyesha mkaguzi ukurasa safi na kumpeleka mwenye simu kwingine, au kuweka kiungo kifupi ndani ya kiungo kifupi. Aliyekwisha kubaini utapeli Tanzania anaweza kuuripoti kwa 15040 ya TCRA, na mteja wa Safaricom nchini Kenya kwa 333. Ni vizuri namba hizo zipo. Ila zinamhudumia aliyekwisha kushtuka.

Hapa ndipo namrudia yule mhasibu. Mwaka jana nilipata SMS kutoka benki ninakoweka fedha zangu, ikinitaka nihakiki taarifa zangu kupitia kiungo kifupi cha huduma ya umma, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitumia bure. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja.

"Mpendwa mteja, ujumbe huo ni wetu, unaweza kuendelea," alisema binti wa upande wa pili kwa upole.

"Dada yangu, nitajuaje kwamba ni wenu?"

Akanyamaza kidogo. "Utakuwa umetoka kwetu."

Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Jina la mtumaji linaloonekana juu ya SMS linaweza kughushiwa, na kiungo chenyewe hakikuwa na herufi hata moja ya jina la benki, kwa hiyo hakuwa na jibu jingine la kunipa. Wiki hiyohiyo tangazo la benki hiyo lilikuwa likiwaonya wateja wasibofye viungo wasivyovijua. Taasisi inayotuma kiungo kifupi cha umma kwa wateja wake inawafundisha tabia ileile ambayo tapeli anaihitaji, na inawafundisha kwa gharama yake. Senti zilizookolewa kwenye ukurasa wa pili wa SMS zinalipwa na bibi wa Songea atakayebofya kiungo kingine kilichofanana nacho, ambacho hakikutoka benki. Ningekuwa na mamlaka ningepiga marufuku jambo hili kabla ya kuchapa bango lolote la kuelimisha umma.

Marufuku hiyo isingeua ufupi. Kampuni yenye jina lake la .co.tz au .co.ke inaweza kujitengenezea njia fupi ndani ya jina hilohilo: jina, mkwaju, neno moja linaloeleweka. Anayeisoma anajua anakwenda kwa nani, na hata mtangazaji wa redio hatakwama. Ndiyo maana viungo vifupi vyote si vya familia moja. Kile cha youtu.be kinamilikiwa na wenye YouTube, wa.me ni cha WhatsApp, forms.gle ni cha Google walewale wenye fomu. Humo dalali na mwenye nyumba ni mtu mmoja, na hatari imepungua mpaka kubaki ile uliyokwisha kuikubali ulipoamua kuitumia huduma yenyewe. Vya kuogopwa ni vile ambavyo dalali wake ni mmoja, mwenye nyumba mwingine, na hakuna aliyemdhamini mwenzake.

Sasa ule mkasa wa herufi sita. Kikaratasi cha ofisi ya mabasi kina kasoro moja: karani haangalii sura, anaangalia namba. Anayebuni namba anapewa sanduku. Mwaka 2016 Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov wa Cornell Tech, New York, walionyesha kwamba kubuni huko kunawezekana kwa wingi wa kutisha. Walijaribu michanganyiko ya bit.ly bila mpangilio, mamilioni kwa mamilioni, wakafungukiwa na hati za watu zilizohifadhiwa OneDrive, huduma ya Microsoft iliyokuwa ikiwezesha kufupisha viungo vya mafaili yanayoshirikiwa. Katika mafolda waliyoyapata kwa njia hiyo, kama asilimia 7 yaliruhusu mgeni kuandika, yaani kupanda faili lenye virusi ambalo baadaye lingejisambaza kwenye kompyuta za mwenye akaunti. Ramani za Google zilikuwa dhaifu zaidi kwa kuwa zilitumia nafasi tano tu. Huko walipata viungo hai zaidi ya milioni 23, na takriban kimoja katika kila kumi kilikuwa na maelekezo ya safari: kutoka nyumba hii hadi kliniki ile, hadi kituo kile cha kutibu uraibu. Unganisha mwanzo wa safari na mwisho wake, ujue jirani yako anaumwa nini.

Google ilirefusha vikaratasi vyake hadi nafasi 11 na 12, na Microsoft iliondoa kitufe cha kufupisha kwenye OneDrive. Viungo vilivyokwisha kutolewa vilibaki kama vilivyo. Wengi bado wanaamini kwamba kiungo kifupi ambacho hawakukitangaza ni siri. Cheti cha ndoa, majibu ya vipimo, orodha ya mishahara: ukiviweka wazi kwa "yeyote mwenye kiungo" kisha ukafupisha kiungo hicho, umeacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni na kutumaini kwamba wezi hawajui mazulia.

Kuna upande mwingine wa dalali ambao watu wa pwani wataushika upesi, kwa vile tunaijua biashara ya bendera za meli. Meli inaweza kupeperusha bendera ya nchi ambayo haijawahi kutia nanga. Tanzania yenyewe ililazimika mwaka 2012 kufuta usajili wa meli za mafuta za Iran zilizokuwa zimesajiliwa kupitia Zanzibar. Majina mafupi ya mtandao yako hivyohivyo. Ile .ly ni ya Libya, .co ni ya Kolombia, .be ni Ubelgiji, .me ni Montenegro, na .gl iliyoko mwishoni mwa goo.gl ni ya Greenland. Mara nyingi bendera haina madhara, mpaka siku mwenye bendera anapoamka vibaya. Mwaka 2010 wasimamizi wa .ly waliifunga vb.ly, kifupishi kidogo kilichokuwa kikiendeshwa na mwandishi Violet Blue pamoja na Ben Metcalfe, kwa maelezo kwamba yaliyomo hayakuendana na sheria ya Kiislamu nchini Libya. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni picha ya mwanamke aliyeacha mikono wazi huku ameshika chupa. Viungo vyote vilivyowahi kutengenezwa humo vikafa siku moja, hata vile vilivyopeleka watu kwenye habari za kilimo, kama vilikuwepo. Miezi michache baadaye vita vikaanza na serikali ya Libya ikazima intaneti nchini. Hapo bit.ly iliendelea kufanya kazi, kwa kuwa seva nyingine za .ly zilikuwa nje ya nchi, lakini watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba viungo vyao vilikuwa na uraia.

Na madalali hufa. Agosti 2009 tr.im ilitangaza kufunga milango kwa sababu haikuona njia ya kujilipa baada ya Twitter kuchagua mshindani wake, kisha ikaghairi, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia. Miezi miwili kabla yake cli.gs ilikuwa imedukuliwa, na viungo zaidi ya milioni 2 vikageuzwa vyote kuelekea ukurasa mmoja wa mwandishi asiyehusika na lolote. Mwaka huohuo Internet Archive ilianzisha mradi wa kuwaomba wafupishaji waweke nakala za madaftari yao mahali salama, ili kampuni ikizikwa daftari lisizikwe nayo. Wakati huo kulikuwa na faraja moja: tumia huduma ya kampuni kubwa, hiyo haitakufa. Desemba 2009 Google ikazindua goo.gl, na waliotaka usalama wakahamia huko.

Mitaa ya Dar es Salaam imejaa majina yanayofanya kazi kama viungo vifupi. Unamwambia kondakta "Mbuyuni" au "Mwembechai" na unafika, hata pale ambapo mti wenyewe hauonekani tena. Jina linaendelea kuishi kwa sababu daftari lake wamelibeba watu wote, kila abiria na nakala yake kichwani. Kiungo kifupi kina nakala moja. Na nakala hiyo iko kwa mtu anayelipa umeme wa seva kila mwezi, anayeweza kuamua kwamba umeme huo haulipi.

Si lazima iwe hivyo, na wapo waliothibitisha. Watafiti wa Harvard, wakiwemo Jonathan Zittrain na Lawrence Lessig, waligundua kwamba nusu ya viungo vilivyonukuliwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuonyesha tena kile jaji alichokinukuu. Katika Harvard Law Review na majarida mengine waliyoyapima, vilivyoharibika vilizidi asilimia 70. Hivyo vilikuwa viungo virefu vya kawaida, kwa hiyo ugonjwa wa kufa si wa vifupi peke yake. Dawa yao, Perma.cc, iliyoanzishwa 2013 na maktaba ya sheria ya chuo hicho, inampa mwandishi kiungo kifupi. Ila inapokitoa inahifadhi pia nakala ya ukurasa wenyewe. Ni dalali anayepiga picha ya nyumba siku ile ulipoiona na kukuwekea. Wakutubi walifikia wazo hilo kwa kuwa wao wamezoea kutunza kitu kinachosubiri msomaji kwa miaka 50. Kampuni za matangazo zina mazoea mengine.

Google ilitangaza Machi 2018 kwamba inaifunga goo.gl. Mwaka 2019 kutengeneza viungo vipya kukasimama kabisa, vya zamani vikaachwa vifanye kazi. Julai 2024 likaja tangazo jipya: kuanzia tarehe 25 Agosti 2025 hata vya zamani vitakoma, kwa hoja kwamba zaidi ya asilimia 99 havikuguswa katika mwezi uliotangulia. Kelele zikawa nyingi. Tarehe 1 Agosti 2025, zikiwa zimebaki wiki tatu na siku chache, kampuni ikalegeza: vile vinavyotumika vitabaki hai, vitakavyozimwa ni vile tu ambavyo havikuonyesha dalili ya kubofywa mwishoni mwa 2024.

Wengi waliusifu uamuzi huo, nami naona ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza. Lakini utazame mzani uliotumika. Kiungo kimepimwa uhai kwa mibofyo ya miezi michache, kipimo kinachokifaa kiungo kilichokaa kwenye simu. Kiungo kilichochapwa kwenye rejea za tasnifu, kwenye tanbihi za ripoti ya wizara, au kwenye kitabu cha kiada kilichotolewa 2015 na kufungiwa kwenye kabati la shule ya bweni, hakibofywi na mtu mpaka siku mwenye ufunguo wa kabati atakaporudi kutoka likizo. Mwanafunzi atakayekifungua kitabu hicho mwakani atakuta herufi 13 zilizochapwa vizuri, kwa wino mweusi, chini ya mchoro wa moyo wa binadamu.